Uhai Usiotolewa kwa Amri

Askari akifa vitani, msemaji wa serikali hufika mazishini na kutangaza kwamba marehemu aliitolea nchi uhai wake. Maneno hayo yamesikika Kitui, yamesikika Makueni, na wafiwa huyapokea kwa heshima. Mimi nayapinga. Simpunguzii marehemu sifa. Nataka arudishiwe iliyo yake.

Ukambani una haki ya kuliuliza jambo hili. Waingereza waliwahesabu Wakamba miongoni mwa makabila yaliyozaliwa kupigana, na vijana wao wakajaa katika jeshi la King's African Rifles (KAR). Lakini mwaka 1938 serikali hiyohiyo ilikuwa ikiwanyang'anya ng'ombe kwa hoja ya kuhifadhi udongo. Muindi Mbingu akawaongoza watu wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, hadi Nairobi kudai mifugo yao. Naye akahamishiwa Lamu. Mwaka uliofuata Vita vya Pili vya Dunia vikazuka, na vijana wa Ukambani wakaandikishwa kwa wingi. Nani ataamini kwamba walikwenda Abisinia na Burma kwa kuipenda dola iliyogusa ng'ombe wa baba zao? Kuna waliofuata mshahara, kuna waliosukumwa na kodi, kuna walioburutwa. Basi kama kujitoa mhanga ni kuingia vitani kwa hiari, wengi wao hawakujitoa.

Tena kuna kufa ambako si kujitoa hata kidogo. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Nyambizi ikajificha chini ya mahali manusura walipokuwa wakielea. Manowari za Uingereza zikadondosha mabomu majini palepale, ili meli nyingine za msafara zisalimike. Jumla ya waliokufa ni watu 1,297, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Huenda hesabu ya kamanda ilikuwa sahihi. Hata hivyo, waliokuwa majini hawakutoa kitu. Walitolewa na mtu mwingine, na hatuna ruhusa ya kumsifu kwa ukarimu mtu aliyechukuliwa chake bila kuulizwa.

Kujitoa kwenyewe kuko wapi, basi? Tutazame Colito, Ethiopia, tarehe 19 Mei 1941. Vifaru vya Italia viliwashtukiza askari wa KAR waliokuwa wamevuka mto. Sajini Nigel Leakey, mzaliwa wa Kiganjo, alirukia kifaru kimoja kwa nyuma, akafungua mfuniko wake na kuwapiga risasi waliokuwa ndani, akimwacha dereva peke yake. Kisha akavifuata vifaru vingine, akafia huko. Mwili wake haukupatikana. Alipewa Msalaba wa Victoria, na jina lake limechorwa katika makaburi ya vita ya Nairobi. Katika lile shambulio la pili alifuatana na sajini meja Mwafrika na askari wawili. Maelezo rasmi ya nishani yanawataja hao watatu kwa vyeo tu.

Hakuna amri iliyomtaka mtu apande juu ya kifaru. Amri iliwafikisha mtoni. Kilichofuata kilikuwa chao wenyewe. Atakayepinga atasema askari hufunzwa kutomwacha mwenzake, hivyo walitenda kwa mazoea. Lakini mazoea ya kumjali mwenzako hujengwa siku kwa siku, na aliyeyajenga alikuwa amekwisha kuchagua kabla risasi ya kwanza haijalia. Hata kijana aliyeburutwa jeshini huipata tena hiari yake pale anapoamua kumfunika mwenzake au kujificha. Serikali inaweza kuamuru mtu aende. Haiwezi kuamuru ampende aliye kando yake.

Ikiwa ndivyo, deni la kifo hicho ni la nani? Watu wa Kitui na Makueni wanaijua mwethya: leo tunalima kwako, kesho tunajenga bwawa la mchanga kwangu, na jasho la kila mmoja humrudia. Aliyekufa akimwokoa mwenzake amefanya kazi ya mwethya ambayo zamu yake haitafika kamwe. Hawezi kulipwa. Lakini deni lisiloweza kumfikia mdai halifutiki. Huhamia kwa mke, watoto na wazazi wake.

Jambo hili lina uzito hadi leo. Kambi ya wanajeshi wa Kenya ya El Adde nchini Somalia iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2016, serikali ya Kenya ilikataa kutangaza idadi ya wanajeshi waliouawa. Ukiamini kwamba kifo cha askari ni mali ya dola, utaona dola ina haki ya kukificha. Ukikubali kwamba ni zawadi aliyompa mwenzake, utadai jina lake litajwe.

Basi serikali za kaunti za Kitui na Makueni ziandike majina ya wana wao wote waliofia vitani, walioingia kwa hiari na walioburutwa, na ziyasome hadharani kila Siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba. Nao waliorudi nyumbani wazima kwa sababu mwingine hakurudi, wasiiachie serikali karo ya watoto wa marehemu. Deni hilo ni lao.