Zawadi za Arusi na Madai Yasiyosemwa

Kurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa, imewaamrisha waume kuwapa wake mahari yao kwa hiari ya moyo (4:5). Amri hii ni fupi nayo iko wazi: anayetoa anajulikana, anayepokea anajulikana, na hali ya moyo inayotakiwa imetajwa. Walakini mwenye kuhudhuria mabaraza ya posa katika Urambo na Tabora ataona kwamba ni nadra watu kugombania mahari. Mahari hutajwa, huandikwa, na mashahidi husikia. Kinachogombaniwa ni zile zawadi zinazoizunguka mahari: kilemba cha baba, mkaja wa mama, blanketi la bibi, mbuzi wa mjomba, kifungua mlango, doti za kanga za mashangazi, sanduku la bibi arusi, na vyombo anavyotoka navyo kwao. Hizi hazitajwi sawasawa. Kila upande unayo hesabu yake moyoni, na unangoja upande wa pili uijue bila kuambiwa.

Jambo hili si geni. Katika kitabu cha hadithi cha Tirmidhi imesimuliwa kwamba Bedui mmoja alimletea Mtume s.a.w. zawadi ya ngamia jike kijana. Desturi ya Mtume s.a.w. ilikuwa kuipokea zawadi na kuilipa, basi akampa Bedui yule ngamia sita. Bedui hakuridhika, akanung'unika. Habari zilipomfikia Mtume s.a.w. alimhimidi Mwenyezi Mungu, akawaeleza watu yaliyotokea, kisha akasema kwamba alikaribia kuazimia asipokee tena zawadi ila kwa Makureshi, Ansari, Wathaqifu na Wadausi, yaani watu aliowajua kuwa hawatoi kwa kutazamia. Yafaa tuitazame hadithi hii vizuri. Ngamia sita kwa mmoja si malipo haba hata kidogo. Lakini Bedui yule alikuja na idadi yake moyoni ambayo hakuisema, na kwa idadi ile hata ukarimu wa Mtume wa Mwenyezi Mungu ulionekana pungufu. Ikiwa ngamia sita hawakumridhisha mtu mmoja, doti moja ya kanga itawaridhishaje mashangazi wanne?

Kurani Tukufu imekataza jambo hili hasa, kwamba mtu asifanye hisani kwa nia ya kupata zaidi (74:7). Hali kadhalika katika Sura Ar-Rum inaelezwa kwamba kinachotolewa ili kikue katika mali za watu hakikui mbele ya Mwenyezi Mungu (30:40), na wafasiri wengi wa zamani waliiona aya hii kuwa inaingiza ndani yake zawadi inayotolewa ili irudi ikiwa kubwa zaidi.

Watu wa Unyamwezi waliijua hali hii kwa jina jingine. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ililazimika kutoa hongo kwa watemi ambao nchi zao ilizipita: nguo za merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba. Mwenye msafara aliiita zawadi huku akiitoa kwa roho nzito. Mtemi aliiona kuwa haki yake, kwani njia, maji na chakula vilikuwa vyake. Kwa kuwa hapakuwa na kiasi kilichowekwa, siku nyingi zilipotea katika kujadiliana, huyu akificha mizigo na yule akiihesabu. Mwaka 1871 mzozo baina ya Waarabu wa Tabora na Mtemi Mirambo, ambaye Urambo imechukua jina lake, ulifikia vita, na ushuru wa njia ulikuwa miongoni mwa mambo waliyogombania. Njia ya Ujiji ikafungwa. Hata Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, ilimbidi azunguke kwa upande wa kusini. Leo neno hongo katika Kiswahili chetu limekuwa na maana ya rushwa, wala sidhani kwamba neno lile limeonewa.

Siku za karibuni nililetewa shauri la namna hii. Kijana wa wakulima wa tumbaku karibu na Urambo alimposa binti wa Tabora mjini. Mahari ilitajwa na kukubaliwa siku ya kwanza. Baba wa kijana, Mnyamwezi anayefuata desturi za kwao, akaongeza madebe matatu ya asali na mbuzi wawili. Akaona amefanya makubwa, kwani asali ile ndiyo iliyotoka katika mizinga yake yote ya msimu ule. Jamaa wa binti, ambao desturi zao ni za Pwani kama zilivyo za familia nyingi za Tabora tangu enzi ya misafara, waliipokea asali kama riziki ya wageni, wakaendelea kungoja kilemba na mkaja. Upande wa pili nao walikuwa wakingoja. Mama wa kijana aliona dada yake alipomwoza mwanawe aliletewa mavazi kamili na wakwe, naye akatazamia vivyo hivyo. Akaletewa doti moja ya kanga. Na kanga, kama tujuavyo, ina maneno. Aliyeinunua dukani alitazama rangi. Aliyeipokea alisoma maandishi, akaona kwamba amesemwa. Maneno yenyewe siyarudii hapa. Mshenga akawa anabeba manung'uniko kwenda na kurudi, na arusi iliyokuwa ifanywe katika mwezi wa Shawwal ikaahirishwa hadi baada ya Idi ya Hija, kisha ikaahirishwa tena bila tarehe.

Wazee walipokutana nilichukua karatasi moja, nikawaomba kila upande utaje, nami niandike, kile ulichokuwa ukikingoja. Ilikuwa kazi nzito, kwa maana mtu huona haya kukisema kwa sauti kitu ambacho hakuona haya kukikasirikia.

"Sheikh, mambo haya hayasemwi," akasema baba wa binti. "Mtu mzima anayajua."

"Ya kwetu nayajua, mzee mwenzangu," akajibu baba wa kijana. "Ya kwenu nitayajuaje, nami sikuzaliwa kwenu?"

Hadi wakati ule hapakuwa na mtu aliyemwuliza binti mwenyewe. Alipoulizwa alijibu kwa kinywa cha shangazi yake kwamba yeye anataka cherehani, na kwamba fedha za mahari yake zinatosha kuinunua iwapo hazijaguswa. Baraza likanyamaza, kwani sehemu ya fedha zile ilikwisha tumika katika kukodi viti na maturubai ya sherehe ya kumwaga.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lote hili, na ndipo ninapomwomba msomaji atulie kidogo. Abu Daud na Nasai wamepokea hadithi kutoka kwa Abdullah bin Amr r.a. kwamba Mtume s.a.w. alieleza hivi: chochote alichoolewa nacho mwanamke, kiwe ni mahari, au zawadi, au ahadi iliyotolewa kabla ya kufungwa ndoa, hicho ni chake yeye mwanamke, na kinachotolewa baada ya kufungwa ndoa ni cha yule aliyepewa, na jambo linalostahili zaidi mtu kuheshimiwa kwalo ni binti yake au dada yake. Wanazuoni wametofautiana katika matawi ya hukumu hii, lakini mizizi yake inaonekana na kila mtu. Mtume s.a.w. hakukataza mkwe asimheshimu baba wa mkewe. Bali aliisifu heshima hiyo. Alichofanya ni kuiweka mahali pake. Kilemba kinachodaiwa kabla ya nikaha, ambacho pasipo hicho binti hatoki, ni mali ya binti iliyopita katika mikono ya baba. Kilemba anachovikwa baba baada ya nikaha, kwa hiari ya mkwewe, ni chake na akivae kwa furaha. Kama mabaraza yetu yangelishika jambo hili moja tu, nusu ya madai ya wajomba na mashangazi yangelikufa yenyewe, kwa sababu hakuna mjomba atakayemdai mbuzi kwa nguvu kisha amfunge katika zizi la mpwa wake.

Katika shauri lile baba wa binti, ambaye ni mtu mwema na hakuwa na nia ya kumdhulumu mwanawe, alizirudisha fedha kwa mafungu mawili. Cherehani ilinunuliwa.

Isidhaniwe kwamba ninawapigia debe wanaume wapunguze wanachotoa. Wako vijana ambao katika hadithi zote za ndoa wameihifadhi moja tu, ile ya pete ya chuma. Ni kweli kwamba Mtume s.a.w. alimwambia Sahaba fakiri atafute japo pete ya chuma, naye alipoikosa akaozwa kwa sura za Kurani alizozijua. Lakini Sahaba yule hakuwa na kitu ila shuka aliyojifunga kiunoni. Hakuwa na pikipiki mlangoni. Hadhrat Ali r.a. alipomwoa Bibi Fatima r.a. alitoa deraya yake, nayo ni silaha ya askari katika nchi yenye vita, si kitu cha kutupwa. Na imesimuliwa kwamba Hadhrat Umar r.a. alipotaka kuiwekea mahari mpaka, mwanamke mmoja alimkumbusha ile aya inayowataja wake waliopewa lundo la mali (4:21), naye Khalifa akaikubali hoja yake. Katika Jumuiya yetu Khalifa wa Pili r.a. alishauri kwamba mahari iwe baina ya mapato ya mume ya miezi sita na ya mwaka mmoja. Mtu apime hapo: fundi baiskeli kwa kipimo chake, na mwenye malori kwa chake.

Miaka niliyokuwa masomoni Rabwah nililiona jambo hili likiwa limepinduliwa. Huko Pakistani mzigo haumwelemei mwana wa kiume bali wazazi wa binti, kwa ile mali anayotolewa nayo binti kwao, iitwayo jahez: vitanda, vyombo, nguo, hata majokofu, na majirani wakihesabu kinapopakiwa kila kimoja. Serikali ya huko ilitunga sheria mwaka 1976 ikaweka mpaka wa rupia 5,000, na ikatamka kwamba mali hiyo ni ya bibi arusi mwenyewe. Mpaka ule ulivukwa hadharani kila mwezi wa arusi. Nilijifunza hapo kwamba ugonjwa haumo katika upande unaotoa. Huku anaumia baba wa kijana, kule anaumia baba wa binti, na pande zote mbili bibi arusi anaingia nyumbani mwa mumewe akiwa tayari amepimwa kwa vitu.

Sheria za nchi yetu zimekwisha liona tatizo hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 41, inasema kwamba ndoa iliyotimiza masharti mengine haibatiliki kwa sababu desturi ya mahari au ya kupeana zawadi haikufuatwa, kabla au baada ya ndoa. Na kifungu cha 71 kinamruhusu mtu adai kurudishiwa zawadi ikiwa ndoa haikufungwa, lakini kwa sharti kwamba mahakama iridhike kuwa aliitoa kwa kutegemea ndoa hiyo. Huko Uganda, mwaka 2015, Mahakama ya Juu iliamua kwamba desturi ya kudai mahari irudishwe wakati wa kuvunjika ndoa ni kinyume cha Katiba. Ni vema kuyajua haya. Hata hivyo hakimu anaweza kumrudishia mtu mbuzi wake. Hawezi kumrudishia mama mkwe usingizi alioukosa kwa ajili ya kanga.

Kwa hiyo nawaomba wazee wa posa wayaseme yasiyosemwa katika kikao cha kwanza. Mshenga aulize wazi: nyinyi kwenu mnatoa nini, nanyi kwenu mnangoja nini? Kitakachokubaliwa kuwa mahari kiandikwe. Kitakachobaki kiitwe zawadi, na kikishaitwa zawadi mtu asikidai, asikipime, wala asimsimbulie aliyempa au aliyemnyima, kwa kuwa Mwenyezi Mungu ameonya kwamba masimbulizi huibatilisha hata sadaka (2:265). Na anayenunua kanga kwa ajili ya mkwe wake aisome kwanza.

Wakulima wa tumbaku wanalo jambo moja zaidi la kuangalia. Posa nyingi huletwa wakati majani yamo mabanini yakikaushwa, kabla hayajapangwa kwa madaraja, kabla soko halijafunguliwa, na kabla chama cha msingi hakijakata deni la mbolea. Mtu huahidi kwa matumaini ya bei, kisha malipo yakichelewa au yakiwa haba anakopa juu ya msimu ujao ili asiaibike mbele ya wakwe. Uislamu umempa njia isiyo na aibu. Mahari yaweza kugawanywa: sehemu ilipwe sasa, na sehemu iahirishwe kwa muda unaojulikana, madhali mwanamke ameridhia na imeandikwa katika hati ya ndoa. Sehemu iliyoahirishwa ni deni kama deni lolote la dukani. Mume akifa kabla ya kuilipa, mjane hupewa fedha zake kwanza, kabla ya warithi kugawana ng'ombe hata mmoja.