Kipimo cha mali na haki ya kutunzwa nyumbani

Mzee asiyeweza kuinuka kitandani anahitaji mtu wa kumtunza, awe tajiri au maskini. Gharama ya utunzaji huo inapobebwa na umma, huzuka swali la haki: anayestahili msaada ni fukara, au ni yeyote asiyejiweza? Katiba ya Kenya ya 2010 inagusa pande zote mbili. Ibara ya 57 inampa mzee haki ya kutunzwa na familia yake na Serikali, bila kutaja mali. Ibara ya 43 inaitaka Serikali iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu. Ya kwanza inatazama mwili, ya pili inatazama mfuko.

Msaada wa umma ulio karibu zaidi na suala hili ni Inua Jamii. Kitengo chake cha watu wenye ulemavu mkubwa, kilichoanza 2011, hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya maskini yenye mtu wa kuangaliwa saa zote. Kitengo cha wazee wa miaka 70 na zaidi, kilichoanza kulipa 2018, kilifuata njia nyingine: aliyefikisha umri huo na asiyepokea pensheni aliandikishwa, awe na ng'ombe au asiwe nao.

Umaskini wa kaya hukadiriwa kwa vitu vinavyoonekana, kama vile paa, kuta, choo, maji na mifugo. Emali, mji wa Makueni ulio kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, kipimo hicho hupotosha kwa urahisi. Kaya inaweza kuwa na nyumba ya matofali na bati iliyojengwa na mtoto aliye Nairobi, ekari chache za ndengu na mbaazi, na mbuzi watano. Kwenye fomu si maskini. Lakini mvua za vuli, ambazo ndizo tegemeo la Ukambani, zikikosa, shamba halina kitu. Ndani ya nyumba hiyo amelala mzee aliyepooza upande mmoja, na mkaza mwanawe amefunga kibanda chake cha mboga sokoni ili amgeuze, amwogeshe na kumlisha. Pato alilopoteza mama huyo haliandikwi popote.

Dini zililikabili swali hili zamani. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, unaelekeza kwamba mjane wa kuandikwa katika orodha ya kanisa awe ametimiza miaka 60, na mwenye jamaa atunzwe na jamaa zake. Hapo kinachoulizwa ni ana nani, kuliko ana nini. Fiqhi ya zaka nayo haihesabu nyumba ya kuishi, kwa hiyo mwenye paa bado anaweza kuwa maskini. Kurani, katika Sura al-Baqara aya ya 273, inawataja mafukara ambao asiyewajua huwadhani matajiri kwa kuwa hawaombi.

Huko England, sheria ya utunzaji ya 2014 inataka mahitaji ya mtu yatathminiwe kwanza, bila kujali uwezo wake. Fedha hufuata baadaye: mwenye akiba inayozidi pauni 23,250 hujilipia, lakini nyumba anayoishi haihesabiwi ikiwa anatunzwa humo humo.

Wanaotetea kipimo cha mali wana hoja: fedha za umma ni chache, na si haki mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi apewe sawa na kibarua. Hoja hiyo inahalalisha kupanga foleni. Haihalalishi kuamua nani ana haki. Anayelala bila wa kumgeuza ana haki tayari. Mali itazamwe baada ya hapo, ili kujua alipiwe kiasi gani, na inayohesabika iwe fedha iliyo mkononi baada ya kuondoa hasara ya anayemtunza.