"Frateri, Natuma Lakini Hakuna Kinachofika"



Kijana mmoja ameniandikia, na ameniruhusu niyatumie maneno yake bila jina. Baba yake aliugua mwaka mzima. Nyumbani walisali novena, walitoa nia za Misa, mama alifunga. Baba akafariki. Pale msibani mtu mzima mmoja akamwambia kwamba labda imani ya familia ilikuwa haba. Sasa kijana anasema: "Frateri, mimi nimeacha kusali. Natuma tu, hakuna kinachofika. Nadhani upande wa pili hakuna mtu."

Nimekaa na ujumbe huo siku kadhaa. Majibu ya haraka ameshapewa mengi, kwa hiyo mimi nitazunguka kidogo, na nitaanzia kwenye kompyuta. Mnivumilie.

Hapa Tabora kuna parokia ambayo tovuti yake inatunzwa na vijana wenyewe: ratiba ya Misa, matangazo ya jumuiya, nyimbo za kwaya. Siku chache kabla ya sherehe ya somo wa parokia, kijana mhusika alitaka kupakia picha na nyimbo mpya kwenye seva, programu ikagoma. Akanipigia: "Frateri, seva imekufa."

Kabla ya kumzika mtu, hakikisha amekufa kweli. Tukachukua simu, tukazima Wi-Fi, tukafungua tovuti kwa bando la kawaida. Ikafunguka, na tangazo la wiki iliyopita lipo pale pale. Basi seva ni nzima. Tukarudi kwenye kompyuta, tukasoma ile mistari midogo ambayo programu huiandika pembeni na ambayo karibu kila mtu huiruka. Namba 220: seva imesalimia. Namba 230: jina na nywila vimekubaliwa, umeingia. Halafu ikaombwa orodha ya faili, na hapo kimya. Kimya kirefu. Mwishoni namba 425: njia ya kupitishia data haikufunguka.

Yaani alikuwa ameshaingia! Amesalimiwa, anajulikana kwa jina, na bado anaona ukurasa mtupu.

Taratibu hii ya kuhamisha faili, FTP, ni ya siku nyingi. Maelezo yake ya kwanza yaliandikwa na Abhay Bhushan kule MIT, Marekani, Aprili 1971. Inatumia njia mbili. Ya kwanza, kwenye lango namba 21 la seva, ni ya mazungumzo tu: salamu, nywila, maagizo. Faili zenyewe hupita njia ya pili, inayofunguliwa pale zinapohitajika. Sasa sikilizeni hapa. Katika mtindo unaoitwa aktivu, kompyuta yako huiambia seva, "Nakusubiri kwenye lango fulani, nipigie." Na seva hupiga kweli. Lakini ukuta wa kinga uliomo ndani ya kompyuta yako unaona mgeni anabisha kutoka nje, unamzuia, na haukuambii chochote. Wewe unakaa unalalamika kwamba seva iko kimya, kumbe muda wote huo seva ndiyo inayokupigia.

Mtakuwa mmeshakumbuka Ufunuo 3:20, Bwana aliyesimama mlangoni anabisha. Nami nilikumbuka. Lakini tusikimbilie hapo, kwa sababu kwa kijana wetu jibu hilo peke yake lingekuwa kofi lingine: "Umeona? Umefunga mlango mwenyewe."

Wafuasi wa Mt. Thomas wa Akwino walikuwa na desturi ambayo naipenda: kabla ya kukubali au kukataa, tofautisha. Makosa ya kompyuta yanafundisha hivyo hivyo. Namba 530 inasema jina au nywila si sahihi. Namba 550 inasema faili haipo au huna ruhusa nayo. Muunganisho ukikataliwa papo hapo, mara nyingi maana yake umefika kwenye mashine lakini kwenye lango lile hakuna anayesikiliza. Muda ukiisha bila jibu, kuna kitu njiani kimemeza ujumbe. Mtu anayesema tu "imegoma" atabadilisha nywila mara kumi, wakati nywila haina shida yoyote.

Na nawajua vijana wanaobadilisha nywila mara kumi. Sala ikikauka kidogo tu, wanaenda kuungama dhambi ile ile iliyosamehewa wiki iliyopita, kwa kuwa wameamini kila ukimya ni adhabu. Jamani, dhambi ya mauti ipo, na dawa yake ni kitubio, wala hilo halina mjadala. Lakini Mt. Ignasi wa Loyola, katika kanuni zake za kupambanua roho, anataja sababu kuu 3 za ukavu wa moyo. Ya kwanza ni uzembe wetu wenyewe. Ya pili, Mungu anatupima tuone tunasimama wapi tusipolipwa kwa utamu. Ya tatu, anataka tujue kwamba faraja ni zawadi, si mali tuliyojipatia. Hesabu mwenyewe: kati ya 3, kosa letu ni moja tu. Yule mtu wa msibani aliruka zile mbili nyingine, tena mbele ya mtoto aliyefiwa.

Kuna ukimya mwingine pia, ambao Maandiko yanausimulia. Fungua Danieli sura ya 10. Danieli anaomboleza na kujinyima majuma 3 mazima, na haoni kitu. Mjumbe anapofika hatimaye, anamwambia kwamba maneno yake yalisikiwa tangu siku ya kwanza; kilichomchelewesha ni mapambano njiani na mkuu wa ufalme wa Uajemi, siku 21. Siku zote zile ambazo Danieli alikuwa anakula chakula kikavu na kutazama ukuta, jibu lilikuwa limeshatumwa na lilikuwa vitani.

Sisi wa Tabora hatupaswi kushangaa habari hiyo. Kwihara, nje kidogo ya mji, ipo nyumba ya tembe ambayo watalii huletwa kuona mahali alipokaa Livingstone. Hii ilikuwa njia kuu ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji, njia ya pembe za ndovu na ya watu waliofungwa minyororo, na sipendi isimuliwe kana kwamba ilikuwa matembezi. Livingstone, Mprotestanti wa Scotland (Mungu hana ubaguzi wa mifano), alikuwa ng'ambo ya magharibi miaka kadhaa. Mwaka 1869 aliandika barua nyingi akiwa Ujiji, na nyingi kati yake hazikufika pwani. Oktoba 1871 aliporudi Ujiji alikuta bidhaa alizotumiwa zimeshauzwa na mtu aliyekabidhiwa. Hana kitu, hana habari ya watoto wake. Kwa hali ile, nani asingesema upande wa pili hakuna mtu?

Lakini mfuko wa barua zake ulikuwepo. Ulikuwa umeandikwa Zanzibar tarehe 1 Novemba 1870, na ulikuwa umekwama hapa hapa Kwihara, kama kilomita 400 kutoka alipo. Mtemi Mirambo alikuwa anapigana na Waarabu wa Tabora, na njia ya moja kwa moja kwenda Ujiji ilifungwa. Stanley aliukuta mfuko huo hapa katikati ya 1871. Alipoona njia haipitiki, aliondoka Septemba kwa kuzungukia kusini, akaufikisha kwa mwenyewe mwezi Novemba. Anasimulia kwamba ndani yake mzee alitoa barua za watoto wake. Kwa hesabu ya Stanley, mfuko ulifika mwaka mmoja baada ya kuandikwa tarehe.

Aliyesahauliwa na aliyechelewa kufikiwa wanaumia sawasawa. Ukiwa Ujiji huwezi kuwatofautisha kwa macho. Lakini ukweli wao ni tofauti kabisa, na imani kwa sehemu kubwa ni kukataa kutoa hukumu ya kusahauliwa ukiwa umekaa Ujiji.

Najua utaniambia nini, mdogo wangu. Livingstone alipata barua, Danieli alipata mjumbe, yule kijana wa parokia alipata nyimbo zake mtandaoni. Wewe umepata kaburi. Ni kweli, na hapa mfano wa kompyuta unaishia, kwa sababu seva haimpendi mtu na haimnyimi mtu. Hapa twende Gethsemane. Yesu aliomba kikombe kimwondokee. Waraka kwa Waebrania 5:7 unathubutu kusema kwamba alisikilizwa. Na kikombe hakikuondolewa. Kesho yake alikufa. Kwa hiyo kusikilizwa na kupewa ulichoomba si kitu kimoja, hata kwa Mwana mwenyewe, na hakuna atakayesema imani yake ilikuwa haba. Kwa nini baba yako hakupona sina jibu, na anayedai analo, usimwamini.

Ila kuhusu kusali, nina neno. Yule wa parokia tulimbadilishia mtindo, kutoka aktivu kwenda pasivu. Katika pasivu kompyuta haiagizi tena ipigiwe wapi. Seva ndiyo inayofungua lango na kulitaja, na kompyuta inaenda hapo. Faili ya kwanza ikapita, ikaandikwa 226, uhamisho umekamilika, na pale ofisini tukapiga makofi kama watoto. Wewe nawe kwa sasa usijilazimishe kutunga maneno, wala kumpangia Mungu akujibu kupitia wapi. Nenda kwenye malango ambayo ameshayafungua yeye. Kaa kwenye Misa hata kama mdomo haufunguki, waache wengine waitikie. Chukua Zaburi ya 88. Ni sala ya mtu aliyechoka, inaishia gizani bila kufarijiwa, na Kanisa limeiweka kwenye sala ya usiku ya kila Ijumaa. Isome kama ilivyo, usiiongezee mwisho mzuri. Ukimaliza, zima taa ulale.

Ukitaka tuongee, ile namba uliyoniandikia nimeihifadhi, na jioni huwa napatikana. Baba yako nimemwombea leo asubuhi kwenye Misa. Jina lake hukunitajia, kwa hiyo nilisema tu: baba wa yule kijana aliyeandika.