Kabla ya Ndoana Kuingia Majini

Mtoto anayekulia Kawangware au Riruta akitaka kumwona samaki hai, sharti mtu mzima ampeleke mbali na kwao. Mto Nairobi unapita karibu, lakini hamna cha kuvua humo. Unatoka kwenye kinamasi cha Ondiri, pale Kikuyu, na kabla haujamaliza kuvuka Dagoretti umekwisha kupokea maji taka ya mitaa, mifuko, nepi na kila kitu ambacho hakikupata pa kutupwa. Samaki anaowajua mtoto huyu ni wa kukaanga kando ya barabara, ama mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa ya sangara inayobaki viwanda vikishachukua minofu ya kuuza ng'ambo. Amekula samaki tangu utotoni, na huenda hajawahi kumwona hata mmoja akifungua mashavu kupumua.

Kwa hiyo nawaheshimu wazazi wanaojinyima wapate nauli na kiingilio, wakawapeleka watoto kwenye mabwawa ya kulipia huko Kiambu na Limuru. Wengine huenda Paradise Lost, bwawa lenye mapango na mashua kwenye Barabara ya Kiambu. Wachache hufika Gatamaiyu, katika msitu wa Lari, kwenye mto wa baridi wenye trauti, samaki ambaye si mwenyeji wa nchi hii: mayai yake yaliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905, enzi za walowezi, na hadi leo kituo cha Kiganjo huzalisha vifaranga vya trauti. Safari kama hizo ni malezi. Lakini ni malezi pale tu mzazi anapojua amempeleka mtoto kufanya nini, na hapo ndipo ninapoona tunateleza.

Neno linalosikika sana kando ya mabwawa haya ni "tumelipa". Mtoto anang'ang'ania kuvuta samaki wa kumi na tano, mlinzi wa bwawa anasema wadogo warudishwe, na baba anajibu kwamba tumelipa. Mtoto anamburuta samaki kwenye nyasi huku akicheka, mama anampiga picha, na mtu akinung'unika, jibu ni lile lile. Sina ugomvi na furaha ya watoto. Ninachokataa ni mtu mzima kumfundisha mtoto, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba pesa ikishatoka mfukoni mipaka imekwisha. Mtoto atalibeba somo hilo hadi kazini, hadi kwenye ndoa yake, hadi kwenye ofisi ya umma atakayokabidhiwa.

Tuangalie bwawa lenyewe linavyoishi. Samaki waliomo wengi ni tilapia, ambao jirani zetu kutoka Nyanza huwaita ngege, pamoja na kambare. Mwenye bwawa hununua vifaranga, akawalisha kila siku, akasubiri. Tilapia hupenda joto; maji yakishuka chini ya nyuzi 20 ukuaji wake hupungua sana, na nyanda hizi za juu magharibi mwa Nairobi zina asubuhi za Julai zinazouma vidole. Samaki wa kutosha sahani anaweza kuwa amelishwa miezi minane, au hata mwaka mzima. Kisha anatokea mtoto na donge la ugali kwenye ndoana, na kwa kuwa samaki wa bwawani wamezoea kutupiwa chakula, anamnasa ndani ya dakika moja. Wepesi huo unampotosha. Mtoni au ziwani, subira humfundisha mvuvi bila mwalimu, kwa sababu maji yenyewe yanamnyima. Bwawani maji hayamnyimi kitu, hivyo kizuizi lazima kitoke kwa mzazi.

Na kitoke mapema. Idadi ya samaki wa kubeba nyumbani isemwe kabla ndoana haijaingia majini: wanne, kwa sababu sisi ni wanne. Mtoto anayeijua idadi tangu asubuhi hana la kulalamikia ikitimia. Anayekatazwa katikati ya furaha huona kwamba ameonewa, na hajakosea sana kuona hivyo.

Kuna jambo moja kuhusu tilapia ambalo ningetamani kila mtoto alisikie akiwa ameketi ukingoni, kwa kuwa darasani halikai. Katika aina zinazofugwa sana hapa kwetu, dume huchimba kiota kwenye tope, jike hutaga humo, kisha huyakusanya mayai mdomoni. Huyalea humo yakaanguliwa, na vifaranga wakianza kuogelea huendelea kurudi mdomoni kila kinapopita kivuli cha ndege. Kwa muda huo, kama wiki mbili, mama hali karibu chochote. Akivuliwa kwa wavu, mara nyingi hutema wanawe wote kwa woga. Mtoto aliyeelezwa hayo hataona taabu kuelewa kwa nini samaki fulani warudishwe. Ni akili hiyo hiyo iliyo katika kanuni za Ziwa Victoria, zilizopanga kwamba sangara wa kuvuliwa awe wa kati ya sentimita 50 na 85: aliye chini ya hapo hajazaa, na aliye juu yake ni mzazi mwenye mayai mengi kuliko wote. Mtoto wa miaka saba anaweza kulielewa hilo. Tatizo ni mtu mzima anayelielewa na bado akanunua wavu wa macho madogo.

Kumrudisha samaki nako kuna adabu yake. Mikono ilowe kwanza, kwa maana samaki amefunikwa ute unaomkinga na magonjwa, na kiganja kikavu humbandua ute huo. Ndoana iwe ile isiyo na kijino cha kuzuia, au kijino kibanwe kwa koleo kabla ya kutupa. Asitupwe juu juu kama jiwe. Ashushwe majini kwa mikono miwili, aachwe aondoke mwenyewe. Yule wa kubebwa auawe papo hapo, kwa pigo moja la kigongo juu ya macho. Wazazi wengi huona vigumu kufanya hivyo mbele ya mtoto, wakamwacha samaki ahangaike ndani ya ndoo hadi afe, wakidhani wameficha ukatili. Mtoto anaona yote. Mzazi anayeua haraka na kwa uso mtulivu anamwonyesha kwamba chakula kina gharama na kwamba aliye dhaifu mikononi mwetu hachezewi.

Nchi nyingine zimelifikiria hili hadi likawa desturi, au hata sheria. Huko Uingereza, kwenye mabwawa ya karpu, desturi ni kurudisha kila samaki. Uswisi imekataza mtu kwenda kuvua kwa nia ya kumwachilia samaki tu, kwa hoja kwamba ni kumtesa mnyama kwa burudani. Kati ya hao wawili, nafsi yangu inaelekea upande wa Waswisi. Kuvua ili tule, tena kidogo, naweza kumweleza mtoto bila kuona haya. Kumchoma samaki yule yule mdomo mara ishirini kwa ajili ya picha, siwezi.

Wapo watakaoniambia kuwa haya ni mambo ya watu wa ziwani. Ni kweli kwamba Wakikuyu wa zamani, ambao Dagoretti ni nchi yao, hawakula samaki, na wako wazee mpaka leo wanaosogeza sahani pembeni. Mambo yamebadilika. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140, kila bwawa la mita za mraba 300, na katika vijiji vya Mlima Kenya watu walioishi bila ndoana wakajikuta ni wafugaji wa samaki. Mengi ya mabwawa hayo yaliachwa baadaye. Ila kwa malezi, uzoefu haupo upande mmoja. Babu wa Siaya aliyehamia Kawangware anajua kupima chambo kwa ncha ya kidole. Babu wa Waithaka anajua kwamba mti haukatwi wala mnyama hachinjwi bila sababu inayoweza kusemwa mbele ya watu. Mtoto wa mtaani kwetu anacheza na wajukuu wa wote wawili, na anastahili kurithi kwa wote wawili.

Kwa akina baba nina neno la pekee. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya kulelewa na kulindwa na wazazi, na inasema wajibu wa mama na baba ni sawa, wawe wameoana au hawajaoana. Baba wengi huielewa sentensi hiyo kama karo na kodi ya nyumba. Siku ya bwawani inadai kisichotumwa kwa simu. Na umpeleke binti pia; asiachwe nyumbani kwa mapishi huku kaka yake akijifunza kusubiri.

Kumlinda kuna maana ya mwili vilevile. Kingo za bwawa la udongo huteleza, na kina huanza ghafla. Nairobi ina machimbo ya mawe yaliyoachwa wazi ambayo hujaa maji kila masika, na watoto hufia humo. Mzazi akae kati ya mtoto na maji, simu ikiwa mfukoni, na amwambie waziwazi kwamba alichojifunza hapa hakimpi ruhusa ya kwenda na wenzake kwenye shimo la machimbo.

Kisha mtoto atauliza kwa nini tumesafiri mbali hivi. Nadhani hili ndilo swali ambalo wengi wetu hulikwepa, na ndilo linalotudai zaidi. Lang'ata kuna Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 kuwa akiba ya maji ya mji, ekari 88. Watu waliendesha mashua za tanga pale na familia zilikuwa zikipumzika ukingoni. Leo limesongwa na magugu maji na taka, na sehemu yake inalimwa. Ni rahisi kuinyooshea kidole Kibera iliyo jirani yake. Lakini mto unaolilisha ni Motoine, na Motoine unaanzia huku kwetu, upande wa Dagoretti. Uchafu unaotupwa kwenye mtaro wa Ngando haukai Ngando.

Mtoto aambiwe hivyo, bila kupunguziwa. Aambiwe pia kwamba Ondiri, unakotoka Mto Nairobi, ingali na maji, na kwamba wako wakazi wa Kikuyu waliojitolea kukilinda kinamasi hicho wasingoje amri ya mtu. Toka Dagoretti, matatu hufika Kikuyu haraka. Jumamosi moja mpeleke akaone mto unapotokea, kisha mrudi mkiufuata kwa miguu kadiri njia inavyoruhusu, na njiani mmwonyeshe mtaro wa plotini kwenu unamwaga wapi.