Dawa ya Kifafa kwa Mgonjwa Asiye na Kifafa



Chukueni mfano wa mama mmoja katika kijiji cha kando ya Lualaba, hapa kwetu Mulongo. Ana kansa ya kizazi. Uvimbe umebana mishipa ya fahamu iendayo mguuni, naye husikia moto na mishtuko, kama mvuvi aliyemgusa samaki yule atetemeshaye mkono. Daktari anampa vidonge. Maumivu yanapungua, usingizi unarudi. Kisha jirani ajuaye kusoma anaitazama karatasi ya dawa, anasema: «Hii ni dawa ya kifafa!» Tangu siku hiyo sahani ya mama inatengwa, na wajukuu wanakatazwa kula naye. Kwa aibu anavitupa vidonge, na ule moto unarudi.

Basi tuulize mambo matatu.

Kwanza, je, dawa ile ilikuwa ya uongo? La. Mshipa wa fahamu ni kama mpiga ngoma wa kijiji: kazi yake ni kupeleka habari. Katika kifafa, ngoma nyingi za ubongo hulia pamoja bila mpango, hata mtu akaanguka. Mshipa uliodhuriwa na kansa nao hupiga ngoma ya hatari usiku kucha. Dawa ituliayo ngoma zile yaweza kuituliza na hii. Kabamazepini, dawa ya kifafa iliyotengenezwa Uswisi mwaka 1953, ilionekana mwaka 1962 kuwa yatuliza maumivu makali ya mshipa wa uso. Leo gabapentini nayo hutumika hivyo. Tena kifafa chenyewe si uchafu, wala hakiambukizwi kwa sahani. Hata mwenye kifafa hastahili kutengwa.

Pili, je, Mkristo aweza kuyakimbia maumivu? Wengine husema: «Bwana wetu pale Golgota aliikataa divai iliyotiwa manemane; basi mgonjwa naye avumilie.» Tufikiri vema. Bwana alikikataa kikombe kilichokuwa chake mwenyewe. Lakini wagonjwa waliomwendea hakuwarudisha na maumivu yao. Msamaria mwema naye hakumhubiria majeruhi uvumilivu, bali alimtia mafuta na divai katika majeraha. Sadaka hutolewa na mwenyewe kwa hiari. Mateso ya jirani si mali yetu hata tuyatoe sadaka kwa niaba yake. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pius XII aliwajibu madaktari ya kwamba ni halali kutuliza maumivu kwa dawa. Nasi twajua kwamba maumivu yakizidi humnyang'anya mtu hata nguvu ya kusali.

Tatu, yatupasa nini sisi tulio karibu na mgonjwa? Yatupasa kumwambia kweli. Dawa hii haiponyi kansa, wala haiwafai wagonjwa wote. Mara nyingi huongezwa juu ya mofini, isichukue nafasi yake. Huanzwa kwa kiasi kidogo, maana yaweza kuleta usingizi na kizunguzungu. Wala isiachwe ghafula bila shauri la daktari. Kabamazepini huweza kudhuru damu na ngozi: upele ukitokea, mgonjwa apelekwe kwa daktari upesi. Kama mama yule angalielezwa mambo haya mapema, pamoja na sababu ya kupewa dawa hiyo, neno la jirani lisingalimwangusha.

Kueleza huku ni sehemu ya uuguzi. Katika nchi ya Uganda, mwaka 1993, Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, na wahudumu wake huwafuata wagonjwa hata majumbani wakiwa na mofini ya maji. Aingiaye nyumbani mwa mgonjwa huwakuta pia jamaa zake, akapata nafasi ya kuziondoa hofu zao.

Ndugu, wengi wetu hatuna vidonge wala ujuzi wa kuvitoa. Lakini ulimi tunao, na sahani tunazo. Maumivu ya mshipa hayana jeraha la kuonekana. Kwa hiyo mgonjwa akisema anaungua, tumsadiki. Tusilitangaze jina la dawa yake njiani. Na jioni, chakula kikiiva, tuilete sahani yake mkekani, pale pale tunapokula sisi sote.