Mita na Siri za Nyumba

Katika nyumba yangu ya Soweto, hapa Mbeya, kuna vyumba vinne vya uani ninavyopangisha, na mita moja tu ya umeme. Kwa hiyo sisi ni kaya tano juu ya mita moja: wapangaji wanne, na mimi na mke wangu katika nyumba kubwa. Kila mwisho wa mwezi tulikuwa tukichanga sawa kwa sawa. Mimi nilikusanya fedha, nikanunua umeme kwa simu, nikabonyeza zile tarakimu ishirini kwenye rimoti, taa zikaendelea kuwaka. Niliuona utaratibu huo kuwa wa haki kabisa, maana hakuna aliyetoa zaidi ya mwenzake.

Jambo ninalotaka kulijadili na msomaji lilianza Jumapili moja ya Juni 2025. Tulikuwa uani tunaota jua, maana baridi ya Mbeya mwezi huo haina mchezo. Mpangaji wangu mmoja, kijana fundi wa simu, alileta habari za mita janja. Akatueleza kwamba mita hizo hazingoji mtu abonyeze tarakimu. Ukilipa, umeme unaingia wenyewe kupitia mtandao wa simu. Tena mita hupeleka taarifa ya matumizi ofisini, hata ya kila saa, na ofisi inaweza kuuzima umeme bila mtu kufika nyumbani kwako. Nikaona ni mada nzuri ya mazungumzo, nikamtaka kila mmoja atoe maoni yake.

Fundi aliitaka. Alisema amechoka kuamka usiku kutafuta rimoti ilipo. Muuguzi wa chumba cha pili hakuitaka: anaishi peke yake, mara nyingi yuko zamu ya usiku, na hapendi kuwe na mahali palipoandikwa kwamba chumba chake hakina mtu tangu saa mbili usiku hadi asubuhi. Mzee wa chumba cha tatu, aliyekuwa dereva wa malori kabla macho hayajamsaliti, alikuwa na sababu nyingine. "Anayenikatia umeme," alisema, "nataka nimwone uso."

Maneno ya mzee yalinikumbusha mengi. Vijana hawajui kwamba kabla ya LUKU umeme ulikuwa wa mkopo. Msoma mita alikuja na daftari, akachungulia kile kisahani kinachozunguka, akaandika. Baadaye ikaletwa ankara. Ukishindwa kulipa alikuja mkataji na ngazi yake. Ngazi ile niliichukia, lakini mwenye ngazi alikuwa na masikio. Uliweza kumweleza habari za mgonjwa uliye naye ndani na kumwomba akuvumilie mpaka Ijumaa. Katikati ya miaka ya 1990 TANESCO ikaanza kuleta LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Shirika lilikuwa na sababu zake, kwa kuwa madeni yaliliemea, na katika wadaiwa wakubwa zilikuwamo ofisi za serikali yenyewe. Tangu hapo mtu akaanza kulipa kwanza. Deni halikufa, ila lilihama likaingia ndani ya nyumba zetu: nani hajachanga, nani amepiga pasi nguo za wiki nzima, nani amelala na taa ikiwaka.

Soweto ile nyingine, ya Johannesburg, wakazi wa mtaa wa Phiri waliwahi kwenda mahakamani kupinga mita za namna hiyo za maji. Walilalamika kwamba maji yanajikata yenyewe wala hakuna wa kumweleza shida yako. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliwakatalia mwaka 2009. Sijui kama mzee dereva aliwahi kusikia kesi hiyo, lakini hoja yake ilikuwa ni ile ile.

Aliyebaki ni mama wa chumba cha nne, anayeuza ndizi Mwanjelwa. Yeye aliuliza swali moja tu.

"Itaonyesha na saa?"

"Ndiyo, mama," fundi akamjibu.

"Basi ije."

Zamu yangu ilipofika nilitoa hotuba. Nilifundisha miaka thelathini, na ugonjwa wa kuhutubia haujanitoka. Nikawaambia kwamba mwaka huo huo wa 2009 Baraza la Seneti la Uholanzi lilikataa kuwalazimisha wananchi kufungiwa mita za namna hiyo, kwa kuwa matumizi ya umeme yanasimulia maisha ya watu: wanaamka saa ngapi, wanapika lini, wamesafiri lini. Nikasema nyumba ni sitara, na siri ya nyumba si mali ya ofisi. Wote wakaitikia. Mama wa ndizi alikuwa akimenya karanga, hakuinua uso.

Usiku ule sikupata usingizi. Kila siku saa kumi alfajiri mimi huwasha hita ya maji. Damu yangu imepoa, na maji ya Mbeya saa hizo huuma mifupa. Hita hiyo ni yangu na mke wangu tu. Nyumba kubwa ina friji pia, na jagi la umeme, na televisheni. Chumba cha mama wa ndizi kina balbu moja na simu ya kuchaji. Miaka yote hiyo tulichanga sawa kwa sawa, naye alikuwa akisaidia kunichemshia maji ya kuoga. Je, nilipokuwa nikisifu siri ya nyumba nilikuwa nikimlinda muuguzi, au nilikuwa naificha hita?

Nikakumbuka na jambo jingine. Mwaka 2024 mita zote za tarakimu zilitakiwa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba, kwa sababu mfumo wake huhesabu dakika tangu mwaka 1993 na hesabu hiyo ilikuwa inafikia ukomo. Ilibidi kuingiza mafungu matatu ya tarakimu ishirini ishirini. Miwani yangu ilikuwa imevunjika, kwa hiyo nilimpa mama wa ndizi simu yangu anisomee nikiwa nabonyeza. Alisoma vizuri, taratibu, mpaka mwisho. Ujumbe ule ulikuwa na mstari wa kodi ya jengo. Kodi hiyo hukatwa kwenye umeme tangu Agosti 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Kwa sheria ni kodi ya mwenye nyumba. Kwetu ilikatwa kwenye mchango wa wote, nami nikanyamaza. Yeye aliusoma mstari ule, akanirudishia simu, naye akanyamaza. Kumbe "basi ije" ilikuwa na historia yake.

Kuna na habari ya bei. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na mtumiaji wa kawaida hulipa 292. Mwenye balbu moja angekuwa wa shilingi 100. Lakini kwa kuwa ameunganishwa na hita yangu kwenye mita moja, balbu yake nayo inalipiwa kama ya tajiri. Hapa hata kugawana sawa kwa sawa hakuhusiki tena. Umaskini wake umefichwa ndani ya matumizi yangu, na punguzo aliloandaliwa na nchi haliwezi kumwona.

Mwezi Agosti nilisafiri kwenda Iringa kumsalimia dada yangu. Basi likipita Igurusi na Chimala unayaona mabonde ya Usangu upande wa kushoto. Maji ya huko ndiyo yanayoingia Ruaha Mkuu hadi bwawa la Mtera, kisha Kidatu, yakawa umeme. Mwaka 2006 maji ya Mtera yalipopungua na nchi ikaingia kwenye mgawo, wafugaji wa Usangu walilaumiwa sana, na wengi wakahamishwa na mifugo yao. Siingii katika ubishi wa nani hasa aliyemaliza maji. Nasema tu kwamba ng'ombe wanaonekana kutoka barabarani, na hita haionekani.

Dada anakaa Kihesa, naye amepangisha wanafunzi wa chuo, wasichana watano. Tulipokwisha salimiana, kamwene nyingi, nikamweleza habari za mita janja, nikitazamia azisifu, maana yeye ni mtu wa hesabu kali. Akatikisa kichwa.

"Hiyo mita yenu itanifukuzia binti wa watu."

Akanieleza kwamba mmoja wa wale wasichana hajachangia umeme tangu Machi. Baba yake amefariki. Wenzake hawajui, kwa sababu dada huwaambia wote wamelipa, kisha anajazia mwenyewe kwa fedha za mayai. Nikamwambia mita haipimi nani amelipa, inapima nani ametumia. Akanijibu kwamba hayo mawili hukaa chumba kimoja: watu wakishajua nani ametumia kiasi gani, kesho yake watauliza nani ametoa kiasi gani, na yule mtoto ataanza kukaa gizani ili asionekane anatumia cha watu.

Nikaona nimweleze habari za hita. Hakucheka, wala hakunigombeza. Alisema, "Kaka, wewe ulijificha mwenyewe. Mimi nimemficha mtu." Akaenda kuwafungia kuku.

Maneno hayo nimeyageuza sana moyoni, na bado hayajanitosha. Ni kweli kuna tofauti kati ya siri ya mwenye nguvu na siri ya mnyonge. Lakini mita haiijui tofauti hiyo. Mwanga unaoifichua hita yangu ndio utakaomfichua binti wa Kihesa, na giza linalomsitiri yeye ndilo lililonilea mimi katika dhuluma ndogo ndogo kwa miaka. Wengine watasema basi tupime kila kitu, mwenye kuhurumia ahurumie hadharani. Sikubaliani nao. Nimewahi kupokea msaada hadharani, nikiwa mwanafunzi, na ninajua ladha yake. Na watakaosema tusipime, tuaminiane, hao nawauliza: mama wa ndizi aliniamini miaka mingapi?

Tena kuna hili. Kama ningengoja mita inilazimishe kusema kweli, kweli hiyo ingekuwa ya mita. Yangu ingekuwa wapi?

Niliporudi Mbeya niliwaita wote uani. Nikaitaja hita, nikaitaja kodi. Kodi ilihesabika: tangu Agosti 2021 hadi Agosti 2025 ni shilingi 62,000, na sehemu ya vyumba vinne ni 49,600. Hita haikuhesabika, kwa kuwa hakuna aliyeipima. Nilikisia, nikakisia kwa kujiumiza, na hata hivyo sina hakika. Fundi na muuguzi hawakukaa muda wote huo. Waliokaa vyumbani kabla yao wamekwisha hama, mmoja yuko Tunduma, wengine sijui waliko, na fedha zao ninazo. Mke wangu alisema ningeanza kwa kumwambia yeye. Alikuwa na haki.

Mama wa ndizi alipokea zake, akazihesabu mbele yangu, akazifunga kwenye pindo la khanga. "Ahsante, Mwalimu," akasema. Nilitamani aseme zaidi.

Tukakubaliana nifunge mita ndogo kwa kila kaya, ubaoni pale barazani, pamoja na ya nyumba kubwa. Habari ya kumtafutia kila mmoja mita yake kamili, ili wenye balbu moja wapate ile bei ya shilingi 100, inaendelea. Mwisho wa mwezi wa kwanza nikatoka na daftari kusoma, watu wamekaa. Mama wa ndizi akanisogelea, akaninong'oneza: "Ya mzee usiisome kwa sauti. Amekuwa akipika kwa jiko la umeme, hawezi kuwasha mkaa siku hizi, macho. Na hana kitu mwezi huu."

Nikasoma ya kwangu kwanza, kwa sauti. Kisha ya fundi, kisha ya muuguzi. Nilipofika kwa mzee nilikohoa, nikageuza ukurasa, nikasoma ya mama.