Nani Apime Hatari ya Mama Mjamzito?

Mwezi Mei 2018, watafiti waliokuwa wakifuatilia uzazi nchini Botswana walitangaza jambo la kutia hofu. Miongoni mwa watoto 426 ambao mama zao walishika mimba wakiwa tayari wanatumia dolutegraviri, dawa mpya ya kufubaza VVU, 4 walizaliwa na kasoro ya ubongo au uti wa mgongo. Hiyo ni karibu mtoto 1 kwa kila 100. Kwa dawa nyingine ilikuwa karibu 1 kwa kila 1,000. Nchi kadhaa, Uganda ikiwemo, ziliwawekea vizuizi wanawake wenye umri wa kuzaa. Wanaume waliendelea kupewa dawa hiyo.

Je, nani mwenye haki ya kupima hatari kama hii: serikali, daktari, au mwanamke mwenyewe?

Wanaotetea vizuizi wana hoja nzito. Dawa ya thalidomidi, iliyoondolewa sokoni mwaka 1961, iliwaacha maelfu ya watoto na viungo pungufu. Mtoto aliye tumboni hawezi kuulizwa kama anakubali. Kwa hiyo, wanasema, heri kukosea upande wa tahadhari.

Lakini tahadhari nayo ina gharama, na mwenye kuilipa ni mama yuleyule na mtoto yuleyule. Mwaka huohuo wa 2018, utafiti uitwao DolPHIN-2 uliwaandikisha wajawazito 268 wa Uganda na Afrika Kusini walioanza dawa wakiwa wamechelewa, mimba ikiwa imefika wiki 28 au zaidi. Hadi kujifungua, asilimia 74 ya waliopewa dolutegraviri walikuwa na virusi vichache mno katika damu, dhidi ya asilimia 43 ya waliopewa efavirenzi, dawa ya zamani. Virusi vinapokuwa vingi wakati wa kujifungua, mtoto yumo hatarini. Tena, kasoro iliyohofiwa hutokea katika wiki 4 hivi za mwanzo wa mimba. Mwanamke anayepanga uzazi, au ambaye mimba yake imekwisha kukua, analindwa na nini anaponyimwa dawa hiyo?

Mwezi Julai 2018, wanawake 39 wanaoishi na VVU kutoka nchi 18 za Afrika walikutana Kigali. Walidai waelezwe ukweli wote kisha waachiwe uamuzi. Mwaka uliofuata, hesabu ya Botswana ilishuka hadi watoto 5 kati ya 1,683, na Shirika la Afya Duniani likapendekeza dawa hiyo kwa watu wazima wote, wanawake wakiwemo. Hata hivyo, nisingependa tuseme kwamba wanawake wale walikuwa na haki kwa sababu tu takwimu ziliwapendelea baadaye. Hata kama hatari ingebaki palepale, haki yao ya kuamua ingebaki palepale.

Kuna jambo la pili. Mwaka 2019, utafiti wa Afrika Kusini ulionyesha kuwa watumiaji wa dolutegraviri huongezeka uzito, wanawake zaidi ya wanaume. Unene uliopindukia huongeza hatari ya shinikizo la damu, kisukari cha mimba na kujifungua kwa upasuaji. Sasa zingatia mahali tulipo. Hapa Uganda, UKIMWI uliitwa Silimu kwa sababu uliwakondesha watu. Mwanamke aliyewahi kuogopa kukonda akinenepa, majirani humpongeza, naye huona amepona siri yake. Kwake, kilo zile zina maana ambayo mizani ya kliniki haiipimi. Yeye peke yake anaweza kulinganisha maana hiyo na hatari ya kujifungua, ilimradi ameelezwa kwamba hatari ipo.

Hapo ndipo wajibu unapowarudia watafiti na wauguzi. Kumwachia mtu uamuzi bila kumpa maelezo ni kumtelekeza, na kumwamulia kwa kisingizio cha kumlinda ni kumfanya mtoto. Njia iliyo ya haki ipo katikati: utafiti uwashirikishe wajawazito mapema, wa uzito wote, na matokeo yaelezwe kwa lugha wanayoielewa. Kisha mama apime. Mwili ni wake, na mtoto atakayezaliwa atamlea yeye.